Ndege wa manyoya, ndege za chuma na masikio yetu

Lugha yetu ina mambo. Zilipokuja eropleni, wazee wetu hawakuhangaika kutafuta jina. Waliona kitu chenye mabawa kinapita juu, wakakiita ndege, wakamaliza. Ila sarufi ikakataa kuwachanganya: ndege huyu anaimba, ndege hii inanguruma. Yule wa manyoya tukambakishia heshima yake ya kiumbe chenye roho, na hii ya chuma tukaiweka fungu moja na meza na kalamu.

Leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya hii ya pili. Sitaki kuzungumzia nauli zake wala mizigo inayopotea. Nataka kuzungumzia sauti yake, maana hiyo ndiyo sehemu ya ndege inayomfikia hata mtu ambaye hajapanda ndege tangu azaliwe wala hatarajii kupanda.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni wa jamaa yangu katika mtaa mmoja ulio chini kabisa ya njia ya ndege. Mtaa wenyewe sitautaja, na uwanja pia niachie. Asubuhi tulifuatana kumpeleka mwanawe chuoni. Watoto kama thelathini wamekaa mkekani, kila mmoja na juzuu yake, sauti zao zimepandana kama mawimbi. Mara ukasikika mvumo kwa mbali. Mwalimu akainua kidole. Watoto wakanyamaza wote, hata hawakuambiwa, wengine vinywa viko wazi bado. Ndege ikapita juu ya paa, bati likatetemeka, kisha sauti ikaenda ikififia. Mwalimu akashusha kidole na kisomo kikaanza upya. Lakini kijana mmoja wa mbele, aliyekuwa akisomesha hifdhi yake, akaanzia mahali sipo. Akarudishwa nyuma. Haikupita muda kidole kikapanda tena. Nilihesabu mara sita kabla hatujaondoka.

Nikamwambia mwalimu kwamba dakika nyingi zinampotea. Akacheka kidogo. Akasema dakika yeye anaweza kuzihesabu, hazimtii wasiwasi. Linalomtia wasiwasi ni hili: ndege ikishapita na kimya kimerudi, kile kichwa cha mtoto nacho kimerudi, au hakijarudi?

Niliondoka na swali hilo, na baadaye nikakuta kwamba kuna watu waliokwisha kulishughulikia barabara. Walikuwa Ujerumani, katika mji wa Munich.

Mji huo ulikuwa na uwanja wa ndege wa zamani mahali paitwapo Riem, uliofunguliwa mwaka 1939. Wapenzi wa kandanda watakumbuka kwamba hapo ndipo ilipoanguka ndege iliyobeba timu ya Manchester United mwezi wa Februari 1958. Mji ukakua, nyumba zikauzingira uwanja, watu wakalalamika, na serikali ikaamua kujenga uwanja mwingine mashambani, yapata kilomita 28 kutoka mjini, upande wa Freising na Erding. Kuhama kwenyewe kulifanywa usiku mmoja. Tarehe 16 Mei 1992 Riem ilifanya kazi siku yake ya mwisho. Usiku kucha malori yalibeba vyombo na mitambo, na asubuhi ya tarehe 17 ndege zikaanza kutua kwenye uwanja mpya.

Fikiri maana yake, msomaji. Watoto waliozaliwa ndani ya makelele waliamka asubuhi hiyo wakakuta kimya. Na watoto wa mashambani, waliozoea kusikia ng'ombe na kengele za kanisa, wakaamkia mngurumo. Bahati kama hiyo mtaalamu haipati mara mbili katika maisha yake. Kwa kawaida ukikuta watoto wanaokaa karibu na uwanja wa ndege wanasoma vibaya, mtu atakuuliza mara moja: huenda ni maskini, huenda shule zao mbovu, huenda wazazi wao hawakusoma. Hapa watoto ni wale wale, shule ni zile zile, wazazi ni wale wale. Kilichobadilika ni sauti ya mbinguni peke yake.

Wataalamu watatu, Staffan Hygge wa Sweden, Gary Evans wa Marekani na Monika Bullinger wa Ujerumani, walijua mapema kwamba siku hiyo inakuja, wakajiandaa. Waliwachukua watoto 326, umri wao kwa wastani ni miaka kumi na kitu. Wengine walikaa karibu na uwanja wa zamani, wengine pale utakapokuja ule mpya, na kwa kila upande walitafuta wenzao wa hali moja wasiosikia ndege, ili wapate wa kulinganisha. Waliwapima kabla ya kuhama, kisha mara mbili tena baada yake. Na jambo hili ni muhimu: waliwapimia mahali palipozibwa sauti. Kwa hiyo mtoto alipokosea, hatukuweza kusema kwamba alikatizwa na ndege saa ile. Alikuwa katika kimya kabisa. Wakimpima kile alichokuja nacho kichwani, yaani lile lile aliloliuliza mwalimu wangu wa chuoni.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Kwenye uwanja mpya, watoto walioanza kusikia ndege walirudi nyuma katika kusoma na katika kukumbuka mambo waliyojifunza muda uliopita. Hata kutambua maneno yanayosemwa wakati kuna makelele kuliwapungukia. Kwenye uwanja wa zamani mambo yakaenda kinyume: kusoma kulipanda, kumbukumbu ikapanda, ile ya muda mrefu na ile ya muda mfupi pia. Watu hao watatu walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka 1998 kwamba watoto wa upande wa uwanja mpya shinikizo lao la damu lilipanda wakiwa wamepumzika tu, na mkojo wao wa usiku ulionyesha kuongezeka kwa zile homoni ambazo mwili humwaga mtu anaposhituka. Watoto wa miaka tisa, kumi na kumi na moja hao, wala si wazee wa kiinua mgongo.

Mimi katika habari yote hii lililonigusa zaidi ni lile la Riem. Tumezoea kuambiwa kwamba kuna kitu kinadhuru. Ni mara chache mtu akatuonyesha kwamba kikiondolewa, mtoto hupona. Leo pale Riem hapana uwanja tena. Pana majumba ya maonyesho ya biashara, mtaa wa nyumba na bustani kubwa.

Baada ya Munich wakafuata wengine. Mwaka 2005 zilitoka habari za uchunguzi wa watoto zaidi ya 2,800 katika shule 89 kando ya viwanja vitatu, Heathrow ya London, Schiphol ya Amsterdam na Barajas ya Madrid. Kila makelele ya ndege yalipozidi kwa desibeli 5, watoto wa Uingereza walichelewa katika kusoma kwa kiasi cha miezi miwili, na wa Uholanzi mwezi mmoja. Miezi miwili yaweza kuonekana kidogo kwa mtu asiyekuwa na mtihani. Wakubwa nao hawakusalimika. Mwaka 2008 watu 140 waliokuwa wakikaa karibu na viwanja vya Ulaya walifungwa vipimo vya damu wakiwa wamelala vitandani mwao. Ndege ilipopita, shinikizo la damu lilipanda hata kwa yule ambaye hakuamka, na asubuhi akakwambia kwamba amelala vizuri. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika miongozo lililoiandikia Ulaya mwaka 2018, lilishauri makelele ya ndege yasizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima, na 40 wakati wa usiku.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa hizi desibeli zinawapoteza wengi. Hazihesabiki kama kilo za sukari. Ukiongeza desibeli 10 nguvu ya sauti huwa mara kumi, ingawa sikio letu huhisi kama imezidi maradufu tu. Ukiongeza 20, nguvu ni mara mia. Kwa hiyo mtu akikwambia amepunguza desibeli chache, usimcheke.

Sasa sauti yenyewe hutoka wapi? Wengi hudhani ni chuma kinachogongana ndani ya injini. Katika ndege za jeti za kwanza sehemu kubwa haikuwa chuma hata kidogo, ilikuwa hewa. Hewa ya moto ilifyatuka nyuma ya injini kwa mwendo mkali mno ikajigonga na hewa iliyotulia nje, na ule ugomvi wa hewa na hewa ndio uliokuwa ukinguruma. Mwingereza James Lighthill, aliyekuwa akifundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Manchester, aliandika jambo hili mwaka 1952 akaonyesha kwamba nguvu ya mshindo huo hupanda kwa mwendo wa hewa uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nane. Maana yake kwa lugha ya sokoni ni hii: ukipunguza mwendo wa hewa ukawa nusu, mshindo haubaki nusu. Hubaki sehemu moja kati ya 256.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule, tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet iliondoka London na abiria kwenda Johannesburg, ikiwa ndiyo safari ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa nauli duniani. Ikatua Roma, Beirut, Khartoum, na kisha Entebbe, kwa jirani zetu wa Uganda, kabla ya Livingstone. Kwa hiyo Afrika Mashariki tulikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo duniani kusikia mlio huo.

Na wazee waliokaa Embakasi hawajaisahau VC10. Shirika la zamani la East African Airways lilianza kurusha Super VC10 mwaka 1966, nalo lenyewe likavunjika mwaka 1977. Ndege hiyo ilikuwa na injini nne zote zimebandikwa nyuma, mkiani. Abiria waliisifu mno kwa utulivu wake, kwa sababu makelele yote waliyaacha nyuma yao. Waliyaachia nani? Aliyekuwa chini. Yule aliyelipa nauli alinong'ona na jirani yake, na yule asiyelipa kitu akaziba masikio. Sijapata kuona mfano mwingine unaoieleza shida hii kwa uwazi kama huo.

Dawa aliyoionyesha Lighthill ni rahisi kuitaja. Kama hewa iendayo mbio ndiyo inayonguruma, basi sukuma hewa nyingi zaidi kwa mwendo wa pole. Mtazame muuza mishikaki. Akipuliza makaa kwa mdomo kupitia bomba jembamba, utasikia mlio wake kutoka ng'ambo ya barabara. Akichukua upepeo wa ukindu, anasogeza hewa maradufu na husikii kitu. Wahandisi wakaiwekea injini upepeo. Mbele yake wakafunga feni kubwa, ambayo hewa yake nyingi haiingii kwenye moto hata kidogo, bali hupita pembeni na kuizunguka ile ya moto kama blanketi. Katika injini za VC10 hewa ya pembeni ilikuwa kidogo, haikufikia hata ile iliyopita motoni. Boeing 747 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1970, kwa kila sehemu moja ya motoni zilipita kama tano pembeni. Katika Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipata mwaka 2014, ni karibu tisa, na mdomo wa injini ni mpana kiasi cha mtu mzima kusimama wima ndani yake. Siku ukibahatika kusimama karibu nayo, tazama ukingo wa nyuma wa lile ganda la injini. Utauona umekatwa meno meno kama msumeno. Si urembo. Meno hayo huchanganya hewa ya pole na ile kali kidogo kidogo, ili zisikutane kwa fujo. Na ndani ya ganda mna matundu madogo madogo kama sega la nyuki, yanayomeza sauti ya feni.

Kwa njia hizo ndege moja ya leo imepungua kama desibeli 20 kuliko zile za mwanzo. Si kazi ndogo.

Lakini injini ilipopoa, zikasikika sauti nyingine zilizokuwa zimefunikwa nayo, hasa ndege inapotua na injini zake zimepunguzwa. Magurudumu yakishashushwa, hewa huyapiga ikavuma. Mabawa yakikunjuliwa, kila upenyo hupiga mluzi wake. Katika ndege aina ya Airbus A320 kulikuwa na matundu ya duara chini ya mabawa, ya kupitishia hewa ya tangi la mafuta. Upepo ulipopita juu yake ulitoa mlio ule ule wa mtoto anayepuliza mdomo wa chupa tupu ya soda. Watu wa chini waliusikia mluzi huo kwa miaka mingi wasijue ni nini. Mwishowe kikabuniwa kipande kidogo cha chuma cha kuwekwa mbele ya tundu ili kuuvuruga upepo kabla haujafika, na shirika la Lufthansa likawa la kwanza kuanza kuvibandika mwaka 2014. Kijipande cha kutosha kiganjani kikaondoa mlio uliokuwa ukisumbua mitaa mizima.

Na sasa nikusimulie juu ya bundi. Kwetu bundi akitua juu ya paa tunamfukuza, tukimhofia kwamba ameleta habari mbaya. Tunamwogopa kwa sababu hasikiki akija. Mwingereza R. R. Graham alijiuliza mwaka 1934 kwa nini hasikiki, akaandika juu ya mambo matatu: manyoya ya mbele ya bawa yana meno kama kitana, ya nyuma yana vishada laini kama pindo za kanga mpya, na juu ya bawa zima pana uchapwi wa mahameli. Tangu hapo wahandisi wamekuwa wakimkodolea macho bundi. Katika vile vinu vikubwa vya umeme wa upepo, vitana vya namna hiyo vimekwisha kubandikwa kwenye mapanga na vimepunguza mvumo wake. Kwenye ndege za abiria bado wanahangaika. Basi yule ndege tunayemwita nuksi ndiye aliyekuwa mwalimu.

Waholanzi wao walijifunza kwa wakulima. Njia moja ya kurukia ya uwanja wa Schiphol, iliyofunguliwa mwaka 2003, ilitoa mngurumo mzito uliotambaa juu ya nchi yao tambarare mpaka kwenye miji ya jirani. Watu wakaona jambo la ajabu: kila baada ya mavuno, wakulima wakishalima mashamba, mngurumo hupungua. Matuta ya jembe yalikuwa yakiivunja sauti na kuipeleka juu. Basi wakajenga bustani kubwa ya matuta yaliyonyooka, marefu kuliko matuta ya shamba, wakaifungua mwaka 2013. Watu hutembea humo, watoto hucheza, na matuta yanafanya kazi yake.

Mbali na vyuma na matuta kuna adabu ya kuruka. Rubani akishuka mfululizo kama mtu anayeteremka mlima, bila kusimama na kutia moto injini kila mara, walio chini hupata nafuu. Heathrow ina njia mbili, na ndege zinapotua kutoka mashariki hubadilishana njia saa tisa alasiri kila siku, ili kila mtaa upate walau nusu ya siku. Frankfurt tangu mwaka 2011 safari zimekatazwa kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Hayo hayakuja kwa hisani. Katika mji wa Osaka, Japani, watu waliokaa kando ya uwanja wa Itami walikwenda mahakamani mwaka 1969. Mwaka 1975 mahakama ya rufani iliagiza ndege zisiruke baada ya saa tatu usiku. Mwaka 1981 mahakama kuu kabisa ikaliondoa agizo hilo, ila ikakubali walipwe fidia kwa taabu waliyokwisha kuipata. Hata hivyo Itami hadi leo hufanya kazi kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku tu, na uwanja mwingine ukajengwa baharini, juu ya kisiwa cha kujaza udongo kilomita 5 kutoka pwani, ukafunguliwa mwaka 1994. Bahari nayo ilidai haki yake: kisiwa hicho tangu kuanza kujengwa kimezama zaidi ya mita 10, na wanaendelea kukipigania. Watu wa Lamu kazi hiyo Mola aliwafanyia bure. Uwanja wao uko kisiwani Manda, na mkondo wa maji umekaa kati, ijapokuwa sauti hujua kuvuka maji bila ya mashua.

Sisi wengine hatukupata mkondo. Aliyekaa Port Reitz, Magongo au Chaani anajua nisemalo. Huku kwetu tumezoea kusikia habari za urefu wa majengo karibu na viwanja vya ndege, kwamba ghorofa hii imezidi na ile ibomolewe. Habari za masikio ya wanaokaa ndani ya majengo hayo ni nadra. Shule hujengwa pale kiwanja kilipopatikana kwa bei nafuu, na kiwanja karibu na njia ya ndege mara nyingi ndicho cha bei nafuu. Marekani ilipozikataza ndege zake kubwa zenye makelele zaidi kuanzia mwisho wa mwaka 1999, na Ulaya ikafuata Aprili 2002, si zote zilizokatwa kuwa vyuma chakavu. Nyingine zilihamia bara hili na kuendelea kuruka miaka mingi, kina Boeing 727 na DC-9. Aliyefukuzwa kwa kelele kwa jirani alikuja kulala kwetu.

Na hata zile mpya zilizo pole, zinaongezeka. Heathrow ina ruhusa ya safari 480,000 kwa mwaka. Kila ndege ni ya pole kuliko ya zamani, ila saa za shughuli nyingi zinafuatana kila dakika moja na nusu hivi, na masikio hayapumzishwi na hesabu ya ndege moja moja. Ndiyo maana mimi siamini kwamba wahandisi peke yao watatumalizia shida hii. Feni na meno ya msumeno wanaweza kutupa. Mahali pa kuweka shule, na saa za kulala, ni mambo ya kuamuliwa na watu walioketi mezani, na mezani hapo aghalabu huketi wenye kupanda ndege.

Tumerudi kwa ndege wa manyoya. Mjini Berlin kulikuwa na uwanja wa Tegel, uliofungwa mwaka 2020, na kando yake msitu. Wataalamu waliwasikiliza ndege wa msitu huo alfajiri, wakawalinganisha na wa msitu mwingine uliotulia. Katika jamii kumi za ndege, tano zilianza kuimba mapema kuliko wenzao wa mahali pa kimya. Eropleni za Tegel zilianza kuruka saa kumi na mbili asubuhi. Ndege hawa waligundua kwamba ukitaka mwenzio akusikie, sharti uwahi kabla ya ndege zile. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2016. Usingizi waliokosa haukuhesabiwa.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwalimu wangu, na mwaka jana nilipopita mtaa ule nikaenda kumwamkia. Chuo kipo pale pale, bati ni lile lile. Lakini kidole chake sasa hakipandi sana. Aliniambia kwamba ameihamisha hifdhi. Watoto wanaisoma mara tu baada ya sala ya alfajiri, kabla ndege ya kwanza haijaruka, na mambo mengine ndiyo yanayoachiwa saa za mvumo. Nikamuuliza kama imesaidia. Akasema wanahifadhi vizuri kuliko zamani, alhamdulillahi, ila ikifika saa nne nusu yao wamesinzia mkekani, na wazazi wawili wamekwisha kuja kulalamika.